Riwaya ya Mapenzi Isiyomtesa Msomaji
Nimeimaliza riwaya hii kwa siku mbili, nikiwa na furaha ambayo vitabu vingi vya mapenzi humnyima msomaji. Wahusika wake wawili, waliowahi kuketi dawati moja, wanakutana tena ukubwani, na mwandishi, badala ya kuwatenganisha kwa uongo au usaliti, anawaacha wazungumze, wateleze ulimi, wacheke, kisha waelewane. Kilichonigusa zaidi ni pale mwanamume anapoirudisha kamusi aliyoazimwa shuleni, ambayo pembeni mwa kurasa zake bado mna vikatuni vya mwalimu wa hesabu alivyovichora mwenzake, naye mwanamke anacheka hadi machozi yanamtoka. Sura za ofisini, kwa maoni yangu, zimerefushwa bila sababu. Ile ya kamusi nimeirudia mara tatu.