Uzoefu wangu na duka la muvi mtaani: si kila filamu ya Kenya ni Riverwood

Ni mwaka wa tatu sasa nanunua muvi kwenye duka moja hapa Umoja. Unaenda na flashi yako, unalipa shilingi 50 kwa muvi, siriz unalipia kwa msimu. Sijawahi kupata virusi, na kijana anayehudumu ana subira hata foleni ikifika nje. Hapo sina neno.

Shida ni majina ya folda zao. Mama alipokuja kutoka Nyeri aliniomba nimtafutie vichekesho vya Kikuyu. Nikafungua folda ya "Riverwood", nikakutana na Nairobi Half Life, chini yake Supa Modo. Vichekesho vilikuwa viwili tu, mwisho kabisa.

Jamani, Nairobi Half Life ya 2012 ilitengenezwa kwa ushirikiano na Wajerumani, ikaonyeshwa kwenye kumbi za sinema, na ndiyo filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar. Riverwood ni jambo jingine. Jina limetoka River Road, ambako vichekesho vilirekodiwa kwa pesa kidogo, vikanakiliwa na kuuzwa palepale kwa watu wa kutazama nyumbani na familia. Watengenezaji wake walijitafutia soko bila kungoja mfadhili. Ukiita kila filamu ya Kenya Riverwood, umewapokonya jina walilolitolea jasho.

Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009) nayo niliikuta kwenye folda ya trela, eti kwa sababu ina dakika kama 20. Hiyo ni filamu fupi! Hata kwenye Oscar, filamu fupi ni ile isiyozidi dakika 40.

Folda waliyoipatia jina barabara ni "Za DJ". Humo za Kichina na za Kihindi zimechanganyika, na ni sawa, kwa maana anayeitaka hatafuti nchi wala mwongozaji. Anatafuta sauti ya DJ Afro, yule anayesimulia muvi za nje kwa Kiswahili.

Nilipomweleza kijana hakununa. Alifungua folda mpya nikiwa nimesimama pale, akaandika "Vichekesho Kikuyu", akahamisha vile viwili na kuniongezea vitatu kutoka diski nyingine. Mama alivitazama vyote usiku huohuo.

Nawapa nyota nne. Ya tano nitaiongeza wakitoa filamu za Ghana kwenye folda ya Naija.