GBxCart RW: kifaa cha kuokoa seivu kabla betri haijafa

Kama una kaseti zako mwenyewe za Game Boy, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, na ndani yake kuna seivu (rekodi za pale ulipofikia kwenye gemu) ambazo ungeumia kuzipoteza, kifaa hiki kitafute. Kama unachotaka ni gemu za bure, achana nacho: hakitoi chochote usichokichomeka mwenyewe.

Umbo lake ni la kawaida kabisa: kibao cha saketi chenye tundu la kaseti na mahali pa waya wa USB unaokwenda kwenye kompyuta. Kimebuniwa na insideGadgets, lakini kazi kubwa inafanywa na FlashGBX, programu huria isiyolipiwa ambayo inaenda kwenye Windows, macOS na Linux. Unachomeka kaseti, unachagua kama ni ya Game Boy au ya Game Boy Advance (hapa usibahatishe, moja ni ya volti 5 na nyingine 3.3), jina la gemu linatokea, kisha ni vitufe vichache tu: nakili gemu, nakili seivu, rudisha seivu.

Wengi wakisikia bakapu wanawaza gemu yenyewe. Mimi naona hapo wanaanzia mkiani. Gemu iko kwenye chipu ya ROM, nayo haihitaji umeme ili ikumbuke, na ukiipoteza utapata kaseti nyingine kama hiyo. Seivu haina pacha. Kwenye kaseti nyingi za Game Boy inakaa kwenye SRAM, chipu inayosahau kila kitu umeme ukikatika, inayoshikiliwa hai na betri bapa iliyolehemiwa ndani, na siku betri inapokata, safari yako yote imekwenda nayo. Pokémon Gold na Silver, za 1999, ndizo za kuhofia zaidi, maana betri hiyohiyo inaendesha na saa ya ndani hata kaseti ikilala kabatini. Pokémon Red yote ni megabaiti 1. Seivu yake ni kilobaiti 32, na hizo ndizo nilizozililia mimi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni Game Boy Camera. Kaseti hii ya 1998 inabeba picha 30, kila moja pikseli 128 kwa 112, kwa vivuli vinne tu kati ya nyeupe na nyeusi. Zamani njia ya kuzitoa ilikuwa ile printa yake ya karatasi ya joto, na karatasi hiyo hufifia. FlashGBX ina albamu yake: unasoma seivu, picha zinajipanga, unazihifadhi kwenye kompyuta. Kwenye yangu nilimkuta dada yangu akiwa mtoto, kajipiga karibu mno hadi uso umejaa pua, halafu picha nne mfululizo za paka aliyekataa kugeuka. Nikamtumia. Akaniambia nifute ya pua. Sijafuta.

Kifaa nilichokuwa nacho kabla ya hiki, nacho sitakitaja, kilikupa faili kikanyamaza; kama imesomwa vibaya utajua mwenyewe gemu ikiganda katikati. FlashGBX inapiga hesabu za uhakiki na kulinganisha na kumbukumbu za gemu zinazojulikana, kwa hiyo unajua papo hapo. Ikilalamika, mara nyingi ni uchafu kwenye meno ya kaseti. Chukua pamba yenye spiriti ya isopropili, sugua taratibu, acha ikauke. Usipulize kwa mdomo, mate hayajawahi kusafisha shaba. Seivu lakini haina pa kulinganishwa, kwa kuwa ni yako peke yako, hivyo mimi huisoma mara mbili na kuangalia kama faili hizo zinafanana.

Ukishakuwa na nakala salama, kubadilisha betri hakutishi tena: unatoa ya zamani kwa chuma cha kulehemu, unalehemu mpya, unairudisha seivu kwenye kaseti na kuendelea ulipoishia.

Mipaka yake ijue mapema. Diski za PlayStation au GameCube si kazi yake, na kaseti za Nintendo 64 haziingii kwenye tundu lake. Kuhusu sheria, angalia ya nchi yako. Marekani, kwa mfano, kifungu cha 117 cha sheria ya hakimiliki kinamruhusu mwenye nakala ya programu ya kompyuta kutengeneza nakala ya akiba, ila ukiuza kaseti, nakala hiyo iende nayo au ifutwe. Kumgawia jirani ni habari nyingine kabisa.

Kikikufikia, anza na kaseti zenye saa ndani, kisha kamera kama unayo. Zile zisizo na betri zinaweza kusubiri hata mwaka.