Kadutu ununue pilipili ipi? Kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wamekaangwa, bugali iko mezani, kimebaki cha kuchovya tu. Ukiingia soko la Kadutu, hapa Bukavu, na faranga chache mkononi, mimi pilipili ningezipanga hivi.

Ya kwanza ni pilipili mbichi, ile ya duara, inayonukia kama tunda hata kabla hujaikata. Chagua yenye kikonyo kibichi na ngozi iliyotuna. Iliyokunjamana imelala sokoni siku nyingi. Wanasayansi huiita Capsicum chinense, yaani ya China, kwa kosa la Nikolaus von Jacquin, aliyeipa jina hilo mwaka 1776 akidhani ndiko ilikotoka. Kumbe kwao ni Amerika ya Kusini. Jina letu nalo lina kisa. "Pilipili" tumelipata kwa filfil ya Waarabu, mzizi wake uko India, na hapo kale lilikuwa la punje nyeusi za Malabar, pwani ya India. Baada ya safari ya Columbus ya 1492, Wareno wakaleta tunda la Amerika pwani za Afrika. Mgeni akatwaa jina, mwenye jina akaanza kuitwa pilipili manga! Kama unawahofia watoto, kwangua utando mweupe wa ndani. Ukali umejaa humo kuliko kwenye mbegu.

Hiyo manga naiweka ya pili, hasa kwa supu ya mbuzi. Nunua punje nzima, uzitwange mwenyewe. Wajanja huchanganya na mbegu kavu za papai: tia chache kwenye maji, za papai huelea, za manga nzuri huzama.

Ya tatu ni unga mwekundu. Omba kuonja kwa ncha ya kidole. Chumvi ikitangulia ukali, unauziwa chumvi kwa bei ya pilipili.

Kechapu ni ya mwisho. Sukari tele, ukali hakuna. Ila usiudharau ukoo wake: jina lake wengi hulirudisha kwa Wahokkien wa kusini mwa China, waliokuwa wakiita hivyo mchuzi wa samaki waliochachushwa. Nyanya ziliingia baadaye. James Mease wa Philadelphia, Marekani, alichapisha maelekezo ya kuitengeneza kwa nyanya mwaka 1812. Kwa hiyo mtoto anayeimwaga juu ya sambaza anairudisha kwao, kwa samaki. Hata hivyo mimi chupa namnyang'anya.