Vifaa vya kupimia afya nyumbani, kipi ununue kwanza kama we ni mtu wa jogingi tu

Wenzangu wa jogingi wananiulizaga ninunue saa au mashine, sasa mi nawapangia hivi, kuanzia cha kwanza mpaka cha kuacha dukani.

Namba moja mashine ya presha, tena ile ya kufunga mkono wa juu. Presha mara nyingi haina dalili, unaweza ukawa unakimbia kila Jumamosi uko fiti kabisa kumbe iko juu. Mi nilianza na ya kifundoni kisa ndogo, inaingia kwenye kibegi, leo 118 baada ya dakika mbili 147, kumbe mkono ukishuka chini ya usawa wa moyo namba inapanda. Ukifika dukani ulizia ule mkanda wake, mingi ya kawaida ni sm 22 mpaka 32, kama mkono wako mnene ukaubana hivyo hivyo utapewa presha ya uongo. Kupima nako kuna adabu yake, kaa kimya dakika 5, usiwe umetoka kukimbia wala kunywa kahawa, pima mara mbili. Ikicheza 135/85 kwenda juu siku kadhaa nenda hospitali.

Namba mbili mtacheka, futi ya fundi cherehani. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako kuna kazi, na haitaki chaji. Halafu mizani ya kawaida, zile za kukwambia asilimia ya mafuta zinapitisha kaumeme mwilini, ukinywa maji tu hesabu inabadilika.

Namba nne ndo saa. Mapigo ya moyo ukiwa umetulia iko poa, ukianza kuruka kamba inapotea, ila kalori usiamini kabisa, usije ukala chipsi mayai eti saa imesema umechoma 600. Na hizo hatua 10,000 zilianzia kwenye biashara ya kifaa cha kuhesabu hatua Japani mwaka 1965, sio kwa daktari. Ila kama ndo inakutoa kwenye kochi basi ipandishe mpaka namba mbili, sibishi.

Oksimita, kile cha kubana kidoleni kupima oksijeni kwenye damu, acha, labda daktari akwambie, ukiwa na piko inachanganyikiwa na kwenye ngozi nyeusi kuna wakati inasoma juu kuliko ukweli.

Mwisho kabisa kipima sukari kwa asiye na kisukari. Mashine bei rahisi, stripu, vile vijikaratasi vya kudondoshea damu, ndo zinakula hela, na zina tarehe ya kuisha, za shemeji yangu zimeisha muda karibu boksi zima, kidole katoboa mara tatu tu.