Uzoefu wangu na X-Wing toleo la pili: vyombo vinapopandana

Nacheza X-Wing, mchezo wa mezani wa mapambano ya Star Wars, kwa toleo la pili ambalo Fantasy Flight Games ililitoa mwaka 2018, na ninachokithamini zaidi si sanamu zake nzuri bali kanuni zake za kupandana. Chombo kinachomaliza mwendo juu ya kingine hurudishwa nyuma kwa kufuata kiolezo kilekile (kipande cha kupimia mwendo) mpaka vitako, yaani vibao vinavyobeba sanamu, viguse tu, na mwenye chombo hicho hukosa kitendo chake, kama vile kulenga, katika raundi hiyo. Zaidi ya hapo, kwa kuwa silaha za kawaida hupiga kuanzia umbali wa 1 hadi wa 3, vyombo vilivyogusana haviwezi kushambuliana.

Kinachohesabiwa ni kitako peke yake. Bawa likimwingilia jirani si hoja, ingawa mabawa hayo hunasana kweli na mara nyingine hulazimu kuing'oa sanamu kwenye kijiti chake.

Utamu umo katika kuzuia njia. TIE, chombo cha kivita cha Dola, yenye rubani wa daraja la 1 husogea kabla ya X-wing, chombo cha Luke Skywalker, ambaye ni wa daraja la 5, kwa kuwa daraja la chini hutangulia, hivyo mwenye TIE huiegesha pale anapohisi Luke atatua. Rubani aliyepanga kugeuka nyuma kwa mwendo wa Koiogran akizuiwa namna hiyo, hageuki kabisa: hubaki akitazama kulekule alikokuwa akielekea, na alama ya msongo, ambayo ni adhabu ya mwendo mgumu, huipata vilevile. Miamba ya angani ni rahisi zaidi kuielewa, kwani hata kuipitia juu tu kunagharimu kitendo na kurusha dadu ya madhara.

Udhaifu uko kwenye utekelezaji. Chombo kinachozuia hukalia mahali ambapo kiolezo kinapaswa kulala, na mkono unaporudisha chombo kwa kukadiria, milimita chache huamua nani atalengwa. Sisi huweka alama kwenye pembe za kitako cha mzuiaji, tukamwondoa kwa muda, kisha tukapima. Ubishi mwingine huzuka mwendo unapokamilika na vitako vikakutana ubavu kwa ubavu bila kupandana: kitendo hakipotei, lakini umbali ni 0, hivyo haviwezi kushambuliana.

Atomic Mass Games, iliyourithi mchezo huu, ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitauendeleza tena. Anayenunua sanduku lililotumika aulize kwanza wenzake wanafuata kanuni zipi, kwa sababu mabadiliko ya 2022 yalitenganisha kumpanda adui na kumpanda mwenzako.