Mafunzo ya bure ya Django yanayomfundisha mtu kulitafuta kosa lake

Mafunzo rasmi ya Django, mfumo wa kuundia tovuti kwa lugha ya Python uliozaliwa katika gazeti moja la Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, yanasomwa bure kwenye intaneti, bila kujisajili na bila video za kumaliza bando. Mwanafunzi hujenga programu ndogo ya kura za maoni.

Kilichonigusa zaidi ni sehemu ya 5, ambapo unaelezwa kwamba msimbo (maagizo kwa kompyuta) ulioandika mwenyewe katika sehemu ya 2 una kosa: swali lenye tarehe ya siku 30 zijazo linahesabiwa kuwa limechapishwa karibuni. Hulirekebishi papo hapo, bali unaandika kwanza jaribio, yaani msimbo mdogo wa kukagua ule wa kwanza, unaliona likifeli, ndipo unasahihisha kosa na kulirudia jaribio hadi lifaulu. Kozi nyingi za kulipia nilizopitia hazikunipa somo hili.

Hata hivyo, yanamtaka msomaji awe anaifahamu Python, na hayamfikishi kwenye kuiweka tovuti hewani. Kwa anayeanza kabisa, ninapendekeza atangulize mafunzo ya Django Girls, ambayo nayo ni ya bure na yanaifundisha hatua hiyo.