Uzoefu wangu na raifo za kukoki kwa mkono badala ya zile za mtindo wa kijeshi

Kwa miaka mingi nililenga shabaha kwa raifo ya nusu otomatiki, yaani inayojipakia yenyewe kila inapofyatuliwa, ya jamii ya AR-15, raifo yenye mtindo wa kijeshi. Nilipokuja kuwa chini ya sheria isiyomruhusu raia kumiliki silaha ya namna hiyo, ilinibidi nitafute bunduki itakayofanya kazi zilezile, yaani kupiga shabaha za karatasi na za chuma hadi umbali wa mita 300, na kuwapunguza nguruwe pori na mbweha wanaosumbua mashamba na mifugo. Tangu hapo nimetumia raifo ya bolti ya kawaida (bolti ni chuma kinachofunga chumba cha risasi, ambacho huinuliwa, huvutwa na kusukumwa kwa mkono), raifo ya bolti inayovutwa moja kwa moja bila kuzungushwa, raifo ya wenzo, inayokokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini yake, na raifo ndogo ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi). Hukumu yangu naitoa mapema: kwa mwenye mahitaji kama yangu, bolti ya kawaida yenye magazini (kisanduku cha risasi) ya kuchomoa ndiyo inayostahili fedha za kwanza, na upungufu wa kasi unaowatia watu hofu ni mdogo kuliko wanavyodhani.

Kabla ya kuzungumzia bunduki zenyewe, mnunuzi anapaswa kufahamu sheria inayomhusu inatazama nini, kwa sababu ziko zinazotazama umbo na ziko zinazotazama namna silaha inavyojipakia. Sheria ya shirikisho ya Marekani iliyodumu kuanzia mwaka 1994 hadi 2004 ilitazama zaidi umbo: ilihesabu vitu kama kishikio cha bastola na kitako cha kukunja, na ikaitaja Ruger Mini-14 isiyo na kitako cha kukunja miongoni mwa bunduki zilizoruhusiwa, ingawa inatumia risasi ileile ya .223 na hujipakia yenyewe kama AR-15. Uingereza, baada ya mauaji ya Hungerford ya mwaka 1987, ilitazama utendaji, na tangu mwaka 1988 raifo zinazojipakia zimekatazwa huko isipokuwa zile za .22 zenye fataki, yaani kiwashio cha baruti, ukingoni mwa ganda. Australia ilibana aina hiyo mwaka 1996 baada ya mauaji ya Port Arthur, na New Zealand mwaka 2019 baada ya mauaji ya Christchurch. Kanada nayo, mwezi Mei 2020, ilipiga marufuku takriban aina 1,500 kwa majina, na hiyo Mini-14 yenye kitako cha mbao cha kikulima ilikuwamo. Ndiyo maana sikuhangaika na bunduki za nusu otomatiki zilizovalishwa umbo la upole. Kibali chake hutegemea maneno ya sheria yanayoweza kubadilika, lakini bunduki inayokokiwa kwa mkono kwa kawaida hubaki salama pale ambapo sheria inalenga kujipakia.

Raifo yangu ya bolti ni ya risasi ya .223, ina mtutu mfupi kiasi, na magazini yake huchukua risasi 10. Nilichagua risasi hiyo kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikiitumia tangu mwanzo na teke lake ni dogo. Jambo la kwanza nililolitambua ni usahihi. Katika raifo inayojipakia kwa gesi, vyuma kadhaa huanza kujongea mara tu risasi inapofyatuliwa, na mtutu hubeba tundu na bomba la gesi. Katika bolti hakuna kinachosogea mpaka mkono wa mpigaji usogee. Sidai kwamba AR-15 nzuri haina shabaha, maana ziko zinazopiga vizuri mno, lakini raifo ya bolti ya daraja la kawaida kabisa ilinipa mashimo yaliyokaribiana kwa kiwango ambacho upande wa pili ningelazimika kununua mtutu wa gharama ili kukifikia. Zaidi ya hayo, maganda hayarushwi majanini. Ninayatoa taratibu na kuyaweka mfukoni, na kwa mtu anayejaza risasi zake mwenyewe hiyo ni faida inayoonekana kila mwisho wa wiki.

Kuhusu kasi, ambayo ndiyo hoja kuu ya wanaozipinga raifo za bolti, historia inatosha kuwajibu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, askari wa miguu wa Uingereza walifanya zoezi la kupiga risasi 15 zilizolengwa ndani ya dakika moja kwa umbali wa yadi 300, wakitumia Lee-Enfield, raifo ya bolti ya risasi 10, na waliokuwa hodari walivuka idadi hiyo. Bolti ya Lee-Enfield huinuliwa kwa nyuzi 60 tu, ilhali ile ya Mauser ya mwaka 1898, ambayo raifo nyingi za kuwindia ziliiga, huinuliwa kwa nyuzi 90. Tofauti hii si ndogo kama inavyoonekana kwenye karatasi. Mkono unaoinuka nyuzi 90 hukaribia darubini na kukulazimisha ulegeze shavu kwenye kitako, na shavu likishaondoka jicho hupoteza shabaha. Kwa sababu hiyo ninamshauri anayetoka kwenye nusu otomatiki atafute bolti yenye mwinuko mfupi, wa nyuzi 60 au 70, na mazoezi yake ya mwanzo yawe ya kukoki bila kulishusha shavu. Baada ya mazoezi ya namna hiyo, katika kupiga shabaha za chuma kwa saa ya kupima muda, nilichelewa kuliko zamani kwa kiasi kilichonipunguzia alama bila kunifanya kichekesho. Shambani sikuona tofauti yoyote, kwa kuwa mnyama aliyekoswa na risasi ya kwanza huwa ameshakimbilia kichakani kabla ya bunduki ya aina yoyote kumlenga tena kwa uhakika.

Bolti ya kuvuta ndiyo iliyo karibu zaidi na hisia ya nusu otomatiki. Hapa mkono hauinuliwi. Unavuta nyuma na kusukuma mbele, basi. Wazo hili ni la zamani: Uswisi ililitumia katika Schmidt-Rubin ya mwaka 1889 na baadaye katika K31, na Austria-Hungaria ilikuwa na Mannlicher ya mwaka 1895. Siku hizi raifo ya Blaser R8 imeifanya bolti hii ipendwe na wawindaji wa Ulaya wanaowasaka nguruwe pori wanaokurupushwa, na katika biathloni, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, ambako bunduki za kujipakia haziruhusiwi, wanariadha wengi hutumia raifo za .22 zenye bolti ya Fortner ambayo huvutwa kwa kidole na kusukumwa kwa gumba. Ile niliyotumia ni ya kiwanda ambacho sitakitaja. Kwa kasi sikuwa na la kulalamikia, kwani shavu halikuondoka kwenye kitako hata kidogo. Tatizo lilijitokeza kwenye joto. Bolti ya kuzungusha, inapoinuliwa, hulilegeza ganda kwa nguvu ya mzunguko kabla ya kulivuta, nayo ya kuvuta haina msaada mkubwa wa namna hiyo. Chumba cha risasi kilipopata moto na masizi, ganda lilinata, na nikalazimika kuvuta kwa nguvu iliyotosha kuivuruga shabaha yote. Tiba yake ni usafi na risasi zisizo na baruti ya kupita kiasi, lakini bolti ya kawaida haikuwahi kunidai uangalifu huo. Bei yake pia kwa kawaida huwa juu kwa mbali, na kwa mtu asiyeshindana sioni sababu ya kuilipa.

Raifo ya wenzo niliinunua kwa moyo zaidi kuliko kwa hesabu. Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Browning, na ndugu zake wa risasi ya .30-30, ni nyembamba, nyepesi, na hubebeka vizuri kupita raifo nyingine zote nilizozitaja. Chini ya mita 150, kwa nguruwe pori, sina silaha ninayoipenda kuliko hiyo. Hata hivyo, anayetaka iwe mbadala wa AR-15 lazima ayakubali mapungufu yake. Magazini yake ni bomba lililo chini ya mtutu, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo huwezi kutumia risasi za kawaida zenye ncha kali, kwa kuwa ncha hukaa juu ya fataki ya risasi iliyotangulia na mshtuko wa teke unaweza kuilipua. Risasi zenye kichwa butu nazo hupoteza mwendo haraka na kushuka mapema. Ziko za wenzo zenye magazini ya sanduku, kama Browning BLR, ambazo huondoa tatizo hilo, lakini hata hizo humtesa mpigaji anayelala kifudifudi, kwa sababu wenzo ukishushwa hugonga ardhi. Kupakia nako ni kazi ya risasi moja moja kupitia mlango wa ubavuni. Wengine husema kazi hiyo inatuliza akili. Mimi naiona inachosha.

Raifo ya .22 ya nusu otomatiki, kama Ruger 10/22 iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, ingali halali katika baadhi ya nchi zilizopiga marufuku raifo kubwa za kujipakia, Uingereza ikiwamo, na New Zealand iwapo magazini haizidi risasi 10. Ni mwalimu mzuri wa kifyatulio na risasi zake ni za gharama ndogo. Kwa sungura inafaa sana. Kwa nguruwe haifai kabisa, na asiitumie mtu kwa kisingizio kwamba anajua mahali pa kulenga.

Kwa atakayeamua kununua bolti ya .223 kama nilivyofanya, ziko alama mbili za kukagua dukani kabla ya rangi na umbo la kitako. Ya kwanza ni mzunguko wa mifereji ndani ya mtutu. Raifo nyingi za zamani za risasi hii zina mzunguko mmoja kwa kila inchi 12, na hizo hutuliza vichwa vyepesi tu, vya greni 55 au pungufu (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), ilhali mtutu wa mzunguko mmoja kwa inchi 8 hukubali pia vile vya greni 69 hadi 77, ambavyo huuhimili upepo vizuri zaidi kwenye mita 300. Ya pili ni magazini. Baadhi ya watengenezaji hutumia magazini yao pekee, ambayo ni ghali na hupatikana kwa shida, na wengine wameiunda raifo ipokee magazini zilezile za AR-15. Hizi za pili ni rahisi kuzipata, lakini ziko sehemu ambako sheria huihesabu magazini yenyewe, si bunduki tu, kwa hiyo idadi ya risasi inazobeba ithibitishwe kwa mamlaka ya leseni kabla ya malipo, maana muuzaji anaweza kuwa amezileta kwa ajili ya soko lenye sheria nyingine.